Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Luseno

Shule ya Msingi Eshirombe,
Kakamega.
21 Machi 1994

Kwa dada yangu Nerima,

Pokea salamu zangu, ikiwa salamu za mtu aliyezikwa hupokelewa. Mama hajambo, mguu umepungua kuvimba. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Mahindi ya juu yameota, ya chini yamefukuliwa na kuku. Ayuma mke wangu anakusalimu. Tumbo lake sasa ni la miezi mitano. Mimi pia namsalimu, lakini kupitia kwa Mama, maana haruhusiwi kusema nami. Nitakueleza kwa nini.

Redio imekwisha kukwambia kwamba tuliokolewa, lakini redio haikueleza mambo yote. Shimo la dhahabu lilibomoka Jumatatu tukiwa ndani watatu, mimi, Ondiek na Makokha. Tulikaa chini mpaka Jumapili, tukilamba maji yanayotiririka ukutani. Huku juu watu walikata tamaa mapema. Jumamosi, kwa kuwa maiti haikuwepo, wazee walikata mgomba wa kimo changu wakauzika nyuma ya nyumba yangu kwa jina langu, kama desturi inavyotaka. Mgomba wenyewe ulikuwa na mkungu. Kwa hiyo nilipotolewa nilikuwa nimezikwa siku moja nzima.

Dada, sijawahi kuona watu wengi vile. Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji wa waombolezaji alianza kuuza uji wa furaha, na uji ni ule ule. Chifu alikuwa na hotuba ya rambirambi mfukoni. Aliisoma yote, akabadilisha neno la mwisho tu. Watu walisukumana kutuona hadi Mulama, yule aliyekuwa akishika kamba, akatumbukia shimoni. Alikaa huko dakika kumi. Alipotolewa alishangiliwa kuliko sisi, maana kufikia hapo watu walikuwa wamekwisha kuzoea kushangilia. Sasa taarifa ya chifu inasema waliingia watatu wakaokolewa wanne.

Jambo lenyewe ni hili. Baba mkubwa Ashiundu amesema siwezi kuingia nyumbani kwangu, kwa sababu nimeliliwa na nimezikwa. Aliyeanza kulia ndiye anayepaswa kuja kuyarudisha machozi yake. Atasimama mlangoni, wazee watamuuliza kama kuna neno baya lililotangulia kifo, atajibu ukweli, ataniita kwa jina nami nitaitika. Hapo jogoo mweupe atachinjwa na mgomba utafukuliwa. Mama alianza kulia Alhamisi. Lakini kamati yenu ya mazishi huko Mowlem ilituma kumbukumbu za mkutano, na katibu ameandika wazi: "Jumatano, saa moja na dakika tano jioni, dada wa marehemu alianza kulia." Kwa hiyo ni wewe.

Nalala bandani na ndama. Njoo upesi.

Ni mimi ndugu yako,
Luseno


Mowlem, Nairobi.
6 Aprili 1994

Mpendwa ndugu yangu Luseno,

Nashukuru Mungu kuona mwandiko wako, nimeubusu mbele ya watu. Sisi huku hatujambo. Pasaka tumeila na chapati. Vivian mwanangu yuko darasa la nne, amekuwa wa tatu. Kikohozi changu kimepona, kimehamia kwa jirani yangu Awuor.

Ile Jumapili nilikuwa nikifua. Awuor alitoka mbio na redio mkononi, akasema, "Mama Vivian, wacha kufua, broo yako ametoka kwa shimo, wamesema saa hii." Ploti nzima ilitoka na sufuria. Wakanibeba mabegani mpaka Kariobangi sokoni na kunirudisha, nimebaki na slipa moja. Hata watu wa ploti ya pili, ambao tumegombana nao juu ya maji tangu mwaka juzi, walinikumbatia. Siku ya pili wakafunga mfereji tena.

Nilidhani kamati ya mazishi itavunjwa. Jumatatu jioni walikuja wote, viti vikapangwa, mwenyekiti Job akafungua kwa maombi na kusoma ajenda ya kwanza: mipango ya mazishi. Nikasema, "Bwana mwenyekiti, lakini yuko hai." Job ni mtu wa ofisi ya kaunsili, hapendi haraka. Akanijibu, "Mama, hilo tumelisikia na tumefurahi. Lakini kamati iliyoundwa kuzika haiwezi kuvunjwa kabla ya kuzika. Tutakuwa tumeacha mlango wazi, na hatujui nani ataingia." Wakapiga makofi. Sasa tunakutana kila Jumanne na Alhamisi. Kwaya imeongeza nyimbo mbili.

Sanduku lako pia limekuja. Opiyo fundi wa Kariobangi alilitengeneza vizuri sana, lina kidirisha cha kioo. Nilipomwomba alichukue alisema, "Madam, hii kitu niliipima na urefu ya broo yako. Msee mwingine wa size hiyo nitamtoa wapi?" Liko hapa chumbani, wageni wanalikalia, na Vivian anafanyia homuwaki juu yake. Abukar wa duka la nguo Eastleigh alikuwa ametupa kitambaa cheupe cha kukufunika, nikamrudishia. Akakataa, akasema, "Dada yangu, nilikitoa kwa maiti. Aliye hai akikivaa, mimi nitaulizwa." Nimekikunja ndani ya sanduku.

Kuhusu kuja, kazini kuna shida. Msimamizi wa kiwanda alinipa ruhusa ya siku tano nilipofiwa nawe. Nimeomba siku nyingine kwa sababu umefufuka, akasema fomu haina sehemu hiyo. Pia basi zimejaa. Pia mvua. Tutaona.

Dada yako,
Nerima

Nimesahau kuuliza. Barua yangu ya Februari, uliipata? Kama haikufika usijali, haikuwa na jambo.


Eshirombe, Kakamega.
9 Mei 1994

Kwa dada Nerima,

Salamu tena, na mvua tunayo. Mama alianguka kidogo kisimani lakini hakuumia. Ndama amekua, sasa ananisukuma usiku nimpishe.

Usikasirike kwa kuchelewa. Barua yako ilifika shuleni mapema, lakini karani wa shule aliandika "Marehemu" juu ya bahasha akaiweka kabatini. Nilipokwenda kuidai alinitazama akasema, "Bwana Luseno, pole sana kwa msiba, lakini barua za marehemu hupewa mjane." Kwa hiyo akampa Ayuma. Ayuma naye haruhusiwi kusema nami. Akaja karibu na banda, akamgeukia ng'ombe mwekundu, akamsomea ng'ombe barua nzima kwa sauti. Alisoma yote, hata yale ya chini kabisa, kisha akaenda zake. Ng'ombe alisikiliza vizuri.

Watu hawajaacha kuja. Wanatoka hata mjini, wamevaa viatu vya kanisani. Wanataka kunishika kichwa. Wanaleta watoto wenye tetekuwanga na kuku wasiotaga. Mmoja aliniomba nilale juu ya kaburi langu apige picha, nami nikalala, maana nilikuwa nimechoka. Nikisema kitu cha kawaida wanaitikia kama mahubiri. Juzi nilisema, "Nina njaa," watu arobaini wakajibu, "Amina." Hakuna aliyeleta chakula.

Ondiek yeye amenusurika. Kwao walikuwa bado wanabishana nani aanze kulia, akawakuta wakibishana, akaingia nyumbani akalala. Makokha analindwa na kanisa lake. Ni mimi tu niliyekuwa na dada mwepesi wa machozi.

Sasa sikia jambo linaloniuma. Mtoto anatarajiwa Julai. Mama amekwisha kusema akiwa wa kiume ataitwa Luseno, ili abebe jina la babake marehemu. Alilisema mbele yangu, mimi nikiwa nimesimama pale na kikombe cha chai. Jina likishatamkwa juu ya mtoto halirudi, nawe unajua. Hawezi kuwepo Luseno chini, Luseno bandani na Luseno kitandani. Mmoja lazima aondoke, na wazee wakichagua hawatamchagua mtoto. Nataka kumshika mwanangu nikiwa babake, si nikiwa mzimu wake.

Mulama ametoweka na koti langu la kijivu. Wanasema amekuja huko Nairobi.

Ndugu yako,
Luseno


Mowlem, Nairobi.
25 Mei 1994

Ndugu yangu Luseno,

Hatujambo. Awuor amejifungua salama, mapacha. Unga umepanda. Vivian anakuuliza kama ndani ya shimo kuna mlango.

Mulama nimemwona. Keti kwanza.

Jumapili iliyopita kamati ilikuja kunichukua kwa furaha kubwa, wakasema, "Luseno amekuja! Yuko kiwanjani Kariobangi, anashuhudia." Mimi nilitoka na kanga ya nyumbani. Nikakuta umati, vipaza sauti, na juu ya meza amesimama Mulama ndani ya koti lako. Anasimulia jinsi alivyokaa shimoni siku saba, na malaika aliyeshuka na taa ya karabai. Nilitaka kucheka. Kisha akanyoosha mkono kwa watu akasema, "Na dada yangu yuko hapa Mowlem. Leo mbele yenu nasema nimemsamehe. Nimemsamehe yote."

Luseno, sijui kilichonipata. Nililia kuliko ile Jumatano. Watu walinisukuma mbele, nikafika mezani, nikamwona kidole chake kilichokatwa, nikahakikisha kwamba kweli ni Mulama. Alinishika mabega akaninong'oneza, "Nerima, usiniharibie, nimepewa chumba na chakula." Sikumharibia.

Nikafikiri, desturi ni desturi hata mjini. Job alikuwepo, wazee wetu wa Mowlem walikuwepo, jogoo mweupe alipatikana pale pale sokoni. Nikasimama mlangoni pa ploti, hawakuniuliza maswali mengi, nikaita "Luseno!" kwa nguvu. Mulama akaitika. Katibu ameandika. Kwa hiyo machozi yamerudishwa, unaweza kuingia kwako, sioni haja ya kuja.

Kamati ilimwonyesha Mulama sanduku. Akaingia kujipima na kusema linambana mabegani. Opiyo amekasirika sana.

Dada yako,
Nerima

Hukunijibu juu ya ile barua ya Februari.


Eshirombe, Kakamega.
12 Juni 1994

Dada,

Mama anakusalimu. Mvua imekwisha. Ayuma anatembea akishika kiuno.

Nilipeleka habari zako kwa Baba mkubwa Ashiundu. Wazee wamekaa siku mbili, wamekunywa busaa mtungi mzima, wakatoa uamuzi. Machozi yamerudishwa, hilo hawalikatai. Lakini yamerudishwa kwa Mulama, ambaye hakuwa ameliliwa na mtu. Kwa hiyo Mulama sasa yuko hai mara mbili, na mimi bado nimekufa. Mama yake Mulama amefurahi, anasema mtoto wake atazeeka sana.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Chifu amesikia kwamba Luseno anahubiri Nairobi, ameandika kwamba Luseno amehama eneo lake. Jana wageni walifika kuniona, wakaambiwa mwenyewe yuko mjini, wakaniuliza mimi ni nani. Nikawaambia mimi ni mchungaji wa ndama. Walinisikitikia, wakasema, "Ungejua mtu huyo anavyohubiri!"

Nimechoka kucheka, Nerima. Usiku namsikia Ayuma akikohoa upande wa pili wa ukuta na siwezi kumuuliza kama anaumwa. Mke wangu anatembea amevaa gauni la matanga juu ya tumbo lenye mtoto wangu. Mkunga anasema wiki tatu, labda nne. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kunitoa hapa. Wale vijana walichimba siku saba kunitoa shimoni. Wewe unatakiwa kupanda basi tu.

Mulama alikusamehe nini? Mimi sijasema una kosa.

Luseno


Mowlem, Nairobi.
27 Juni 1994

Luseno,

Salamu kwa Mama na Ayuma. Sisi wazima.

Kiwanda hakinizuii. Nilipewa ruhusa tangu Aprili, nikakaa hapa nyumbani siku tano nikitazama lile sanduku. Basi hazikujaa. Nimekudanganya.

Sitaki kuandika mengi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa kwa kalamu. Wazee wataniuliza pale mlangoni kama kuna neno baya lililotangulia. Siwezi kudanganya mlangoni kwako, Mama akiwa ananitazama, na siwezi kusema ukweli. Nikisema, watajua aliyekufukia ni nani.

Nijibu swali moja tu. Ile barua ya Februari ilikufikia, au haikukufikia?

Nerima


Eshirombe, Kakamega.
4 Julai 1994

Dada yangu mpendwa,

Mama hajambo, ng'ombe hajambo, Ayuma bado. Naandika haraka, mwalimu Vugutsa anaenda Nairobi leo, ataileta mkononi.

Ilinifikia. Niliipata Jumamosi, siku mbili kabla ya shimo kubomoka. Kurasa mbili. Ulikuwa umenitafutia kazi kiwandani kwenu nami nikakataa, nikasema dhahabu iko karibu. Ukaandika, "Kama hilo shimo ni tamu kuliko damu yako, basi likumeze, na mimi sitalia." Nilikasirika. Niliikunja nikaitia mfukoni ili nikujibu vibaya jioni ya Jumatatu, na Jumatatu hiyo haikuwa na jioni.

Sikukujibu ulipouliza kwa sababu niliona aibu kukwambia barua iko wapi. Siku ya nne tulikuwa tumekwisha kutafuna ukanda wa Makokha. Nikakumbuka mfuko. Nikaitoa barua yako, na gizani tukaanza kuila. Tulianza na ukurasa wa salamu, kwa kuwa wewe salamu zako ni ndefu na karatasi ilikuwa imejaa. Ondiek nilimpa salamu za Vivian na habari za kikohozi chako. Makokha alikula bei ya unga. Walishukuru sana, Ondiek alisema, "Dada yako ni mtu wa maana." Ule ukurasa wa pili sikumgawia mtu. Niliula peke yangu, polepole, siku mbili, maana yale ni mambo ya familia.

Wino ni mchungu, dada. Lakini Jumapili nilipotolewa niliweza kusimama kwa miguu yangu, na wenzangu walibebwa.

Tena ulisema hutalia. Katibu ameandika saa na dakika. Wa kwanza kulia Kenya nzima ulikuwa wewe, hata kabla ya Mama. Kwa hiyo neno lenyewe ulilivunja mwenyewe.

Nimemuuliza Baba mkubwa, bila kutaja jina, kama mtu ameandikiwa neno baya kisha akalila, linahesabiwaje. Amefikiri sana. Amesema kitu kilicholiwa kikapita hakina mwenyewe tena. Wakikuuliza mlangoni, wajibu kweli: lilikuwepo, na aliyeandikiwa amelila. Nitakuwa nimesimama pale nikitikisa kichwa kukubali.

Njoo uniite.

Luseno


Mowlem, Nairobi.
11 Julai 1994

Luseno wangu,

Barua hii haipiti kwa karani. Naileta mwenyewe, nimeiandikia juu ya sanduku huku Vivian akifunga mizigo. Utaipata mkononi mwangu nikishamaliza kuita na wewe ukishaitika, si kabla.

Kamati nzima inanisindikiza. Nimewaambia kuna kufukua mgomba, na Job amesema kufukua ni mazishi yaliyorudi nyuma, kwa hiyo kuko ndani ya kazi yao, na wakimaliza watavunja kamati kwa heshima. Wamekodi lori. Sanduku linakuja, Opiyo ameling'oa kifuniko na kulitia miguu, amesema mtoto wa Luseno atakuwa mrefu, alilalie mpaka ashindwe kuenea. Abukar amekubali kitambaa chake kimfunike, kwa sababu mtoto hakuwepo alipotia nia ya kukitoa. Mulama anaomba kuja nyuma ya lori. Koti lako amelifua.

Mwalimu Vugutsa ametangulia na neno langu la mdomo: kama ni wa kiume, Mama asitamke kitu mpaka nifike. Kama amekwisha kuzaliwa, Mama azibwe mdomo kwa uji.

Wazee nitawajibu kweli. Nimejizoeza tangu jana mbele ya kioo kile cha sanduku, na nimelia kidogo tu.

Ukurasa wa pili hauna habari, una maneno mazuri peke yake, yale niliyopaswa kukuandikia Februari. Ukimaliza kuusoma, uule. Nimeuandika kwa penseli.

Dada yako,
Nerima